Bulonza na Ghuba ya Matope

"Tantine, utachora chini ya bahari namna gani, na kuogelea haujue?"

Patricia alikuwa na miaka tisa alipomuuliza hivyo shangazi yake Bulonza, jikoni kwao, katika mtaa wa Black Rock. Shangazi alikuwa amepata kazi ya kuchora ramani za sakafu ya bahari kaskazini mwa Kanada pamoja na Wainuit, wenyeji wa huko, ili sehemu zenye viumbe zifungwe, meli kubwa zisitie nanga. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Bon, wacha nifike kwanza."

Kiangazi hicho walishusha kamera katika ghuba moja, wakaona matope matupu. Bulonza akaipaka ghuba rangi ya kijivu kwenye ramani, yaani hakuna kitu. Mwindaji mmoja wa Kiinuit, mama wa makamo, akaitazama ramani na kuangua kicheko.

"Hakuna kitu? Njoo kwangu ule!"

Uani kwake walikuwa wakipasua sili, mnyama wa baharini, aliyewindwa humo humo ghubani. Tumbo lake lilijaa kome, wengine bado wazima. Bulonza alipiga vigelegele, majirani wakatoka kutazama. Ramani ilikuwa ipelekwe kesho yake, na ghuba ingeachiwa meli! Mama akawaonyesha pa kushushia kamera, na kweli, kome walikuwa wamejizika kwenye tope, midomo tu ikichungulia.

Leo ghuba imefungwa, na Patricia yuko sekondari. Juzi aliuliza tena swali lake.

"Unauliza tu mwenye anapasua sili, mtoto wangu," Bulonza akamjibu. "Kuogelea, mpaka leo sijue!"