Twahiru na Shimo la Mazuku

Mzee Twahiru alikuwa na mdomo mchafu, na ufuko wetu wa ziwani, upande wa Keshero, ulimvumilia kwa sababu moja tu: alijua mahali pa kuogelea na mahali pa kufia.

Pa kufia ni pale miamba myeusi ya lava inapozunguka kijishimo cha maji yanayofika magotini. Asubuhi kabla upepo haujaamka, mazuku hulala mle juu ya maji. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, nzito, haionekani. Ukisimama wima unaweza kupita salama. Ukiinamisha kichwa, umekwisha. Musafiri, mdogo wake Twahiru, aliinama mle kumwinua rafiki aliyeanguka, wakazikwa pamoja.

Tangu hapo Twahiru alishinda ufukoni. Alifunga kiberiti kinachowaka kwenye ncha ya fimbo, akakishusha hadi juu ya maji. Kikizimika, mazuku yamo, naye aliwatukana waogaji wote mpaka mama zao. Mbishi alikula fimbo hiyo hiyo. Kisha alirudia somo lake, kila asubuhi, mpaka likatuchosha.

"Mutu akianguka mule, musiiname. Mulete kamba. Mukiinama, tutazika wawili."

Kamba yenyewe, yenye ndoano, aliitundika mtini.

Binti yake wa pekee, Sumaya, alikuwa mwogeleaji hodari kuliko wanaume wa mtaa. Aliogelea akishika bidoni, dumu tupu la manjano, kama tunavyofanya wote, ili akichoka apumzike juu yake. Asubuhi ile alitoka majini akaliacha bidoni nyuma, nalo likaelea likaingia shimoni. Bidoni ni mali. Sumaya akalifuata akiwa wima, kichwa juu, kama baba yake alivyomfundisha. Lakini bidoni halichukuliwi mtu akiwa wima. Akainama, akaanguka.

Twahiru akatupa fimbo na kukimbilia shimoni. Nsengimana, jirani yake anayeuza makaa, akamkamata kiunoni. Wengine wawili wakamshika mikono. Alikuwa mzee, lakini iliwabidi wamlalie.

"Muniachilie. Ni mutoto yangu."

"Papa, ulisema we mwenyewe," Nsengimana akamjibu. "Musiiname."

Kamba ikaletwa. Ndoano ikagonga mwamba, ikarudi. Ikagonga bidoni. Twahiru aliona yote, shavu likiwa limebanwa kwenye mawe, na Sumaya alikuwa karibu kiasi kwamba tuliona shanga zake shingoni. Ndoano ilipomshika gauni hatimaye, tulivuta maiti.

Kwenye msiba Nsengimana alikuja na uso wa mtu anayestahili asante. Nilitamani kumzaba kofi.

"Papa Sumaya, tulifanya njo vile ulitufundishaka."



"Mulifanya muzuri," Twahiru akasema. "Sasa utoke kwangu."

Alirudi ufukoni baada ya arobaini. Bado anashusha kiberiti, bado anapiga wabishi, ila matusi yamemwisha. Mgeni akimuuliza afanye nini mwenzake akianguka mle, anageuza uso kuelekea milima ya Masisi.

Basi inabidi tujibu sisi, maana lazima mtu aambiwe. Tunasema, musiiname, mulete kamba. Tunasema akiwa amekaa palepale, na anatusikia.