Nailoni ya TV Mpya

Kaka alisema ni TV. Kwa siku mbili nilimwamini, maana nilitaka iwe TV.

Alikuja nyumbani, hapa Kalangalala mjini Geita, siku ya Alhamisi akitokea machimbo ya upande wa Masumbwe. Kule anachimba kwenye duara, yaani shimo refu la dhahabu ambalo watu hushuka kwa kamba. Wiki tatu kabla alikuwa anagonga mwamba, jiwe likapasuka likamlipukia usoni. Kwenye simu alimwambia Mama kwa kifupi tu: "Vumbi, Mama. Nimeshaweka dawa ya matone, nimepona." Dawa yenyewe ilikuwa kichupa ambacho wachimbaji walikuwa wanapeana kambini, anayeumwa anaweka, anampa mwenzake. Hakuna daktari aliyemwona.

Alipofika alikuwa na wekundu kidogo kwenye pembe za macho, basi. Alikula ugali sahani mbili, akamtania Mama kwamba amenenepa, akasema Jumatatu anarudi shimoni. Mama akaridhika.

Mimi ndiye niliyemwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Aliifuta haraka kwa kiganja, akaniangalia. Nikainamisha kichwa kama mwenye kosa ni mimi.

Niseme ukweli, mimi siwezi kuongea. Si bubu, ila maneno yakifika kooni yanageuka kurudi. Darasani najua jibu na sinyooshi mkono. Kwa hiyo kumwambia Mama "nadhani kaka haoni vizuri" kulinishinda. Ningekosea je? Angeniuliza "umejuaje?" mbele ya kaka, naye kaka angesema nataka kumzuia asiende kazini. Na kama sijakosea, Jumatatu atashuka kwa kamba kwenye shimo lenye giza akiwa na macho ambayo hayaoni kikombe mchana.

Ijumaa alitoa mashine yake ya gemu chini ya kitanda. Aliinunua zamani, ikiwa imeshatumika, alipokuwa kidato cha pili, na tulikuwa tunacheza gemu ya mpira kwenye TV yetu ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa kama ng'ombe. Mtaa mzima hakuna aliyekuwa anamfunga. Mimi alikuwa ananifunga huku anakula. Lakini TV ya chogo ilikufa mwaka jana, na baada ya pamba kuuzwa Baba alituma hela kutoka shamba, upande wa Shinyanga, tukanunua hii ya kioo bapa. Baba mwenyewe alikuwa hajaiona bado.

Kaka akachomeka ule waya wa siku zote, wa vichwa vitatu, njano na nyeupe na nyekundu. Picha ikaja. Wachezaji walikuwa wafupi na wanene kama magunia ya pamba, nyasi zilikuwa zinachemka, na maandishi yote yalikuwa na ukungu.

Nikamfunga nne bila.

"Hii TV yenu ni ya kuangalizia mvua," alisema. "Mpira siuoni hata ulipo."

"Mimi nauona kidogo," nikasema.

"Wewe umezoea shida, mdogo wangu."

Nilicheka, lakini nikaanza kumwangalia yeye badala ya mpira. Hajawahi kufungwa na mimi. Alikuwa anasogeza kiti mbele, anageuza kichwa upande kama kuku anayeangalia punje, halafu anarudi nyuma na kulaumu TV. Na mimi singeweza kumpinga, kwa sababu picha kweli ilikuwa mbaya. Dakika za mchezo juu kwenye kona hata mimi nilikuwa nazikisia.

Usiku ule niliandika kwenye daftari langu: Picha ikisafika, atasoma dakika. Asiposoma, si TV. Kalamu ikasimama hapo, sikutaka kuandika kitu kingine.

Mwalimu wetu wa fizikia anasema kwenye jaribio unabadilisha kitu kimoja tu, mengine unayaacha yalivyo. Jumamosi asubuhi kaka alipotoka kwenda kusalimia marafiki zake, nikachukua rimoti, nayo imo ndani ya nailoni yake, nikaingia kwenye menyu. Kwanza umbo la picha. TV ilikuwa inaivuta picha ya zamani ili ijaze kioo kizima. Nikairudisha kuwa nne kwa tatu, umbo la TV za chogo, pande mbili zikabaki nyeusi na wachezaji wakakonda. Halafu ukali wa picha, uliokuwa umepandishwa hadi mwisho. Nilidhani ukali mwingi ndio usafi, kumbe ndio ulikuwa unamzungushia kila mchezaji mstari mweupe kama amepakwa unga. Nikaushusha. Nikatafuta na sehemu ya gemu nikaiwasha, maana awali ukibonyeza kupiga shuti mchezaji alikuwa anafikiria kwanza. Sasa akawa anapiga papo hapo.

Ilikuwa afadhali. Lakini afadhali ilikuwa haitoshi kunijibu.

Nikaenda kwa fundi. Ana meza yake kwenye kibaraza cha jirani na soko, imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikasimama. Akatengeneza redio. Nikaendelea kusimama.

"Binti, umeleta kitu au umekuja kulinda meza?"

"Gemu ya zamani," nikasema. "Kwenye TV mpya. Ina ukungu."

"Umechomeka ya njano?"

"Ndiyo."

"Basi. Ule waya mmoja wa njano ndio umebebeshwa picha nzima, rangi na mwanga humo humo. Ni kama familia ya watu tisa kwenye pikipiki moja. Kufika watafika, ila usiulize wamefikaje." Akavuta boksi la nyaya zilizosokotana kama matumbo ya mbuzi, akapekua, akatoa moja. "Huu una vichwa vitano. Kijani, bluu na nyekundu ni picha, kila mmoja na mzigo wake. Viwili hivi ni sauti. Ulikuja na mitumba kupitia bandari kavu ya Isaka, hakuna anayeuulizia. Nenda kaujaribu. Lakini nisikilize: kabla hujauchomeka, ingia kwenye mashine yenyewe, kwenye mpangilio wake, uiambie itumie waya huu. Ukisahau utanirudia hapa unalia."

Nilisema ahsante, nadhani hakusikia. Na kwa haraka yangu, nikasahau.

Nilichomeka, nikawasha, kioo kizima kikawa kijani. Kijani ya mbogamboga, uwanja, wachezaji, hata anga. Na kaka alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Ni kijani," nikasema.

Alibaki pale pale mlangoni. Sikuelewa mpaka nilipomtazama. Alikuwa anafumba jicho moja, anafumbua, anafumba lingine. Aliposikia kwamba hata mimi naona kijani, mabega yake yakashuka, akatoa pumzi.

"Kumbe na wewe," akasema, kisha akacheka kwa nguvu kuliko inavyostahili. "Mharibifu wewe! Ngoja nikaoge, nikirudi nikute imepona."

Hapo nilijua kwamba anaogopa. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na alikuwa peke yake na woga wake kama mimi na wangu, nyumba moja, sebule moja.

Nilirudisha waya wa zamani, nikaingia kwenye mpangilio wa mashine, nikabadilisha, nikachomeka tena wa vichwa vitano. Rangi zikaja. Jamani, zilikuwa rangi. Nyekundu haikuchuruzika nje ya jezi. Nilicheza dhidi ya timu ya kaka, ikiendeshwa na mashine, mpaka dakika ya thelathini na nane, nikasimamisha mchezo, nikarudi nyuma hadi mlangoni kupima.

Bado kulikuwa na ukungu.

Si ule wa kwanza. Huu ulikuwa kama pumzi juu ya kioo. Nikasogea na kidole nikagusa zile namba za dakika kwenye kona, na chini ya kidole changu namba zikasafika. Nikainua kidole, zikafifia tena. Ni nailoni.

Sijui nielezeje kwamba sikuwa nimeiona. TV ilipotoka dukani ilikuwa na nailoni nyembamba imebandikwa kioo kizima, na Mama aliagiza isiguswe. Si Mama peke yake, nenda nyumba yoyote mtaani kwetu utakuta TV, friji, hata viti, vyote vimo ndani ya nailoni zao, maana ukitoa tu, kitu kimeanza kuzeeka. Lakini yetu ilikuwa na zaidi. Mama alisema itatolewa na Baba. Yeye ndiye aliyelima pamba, yeye ndiye ataibandua kwa mkono wake akija, aone kwamba tulinunua mpya kweli na hela haikupita pembeni. Kila Jumamosi Mama aliifuta kwa kitambaa cha maji. Vumbi la malori liliingia chini yake, mapovu ya hewa yakaota, mikwaruzo ikajichora miduara. Kwa miezi tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari kupitia hapo, na macho yakazoea.

Kwenye kona kulikuwa na kikaratasi chekundu cha kushikia.

Nilisikia maji bafuni. Mama alikuwa gengeni kwake, hatua chache kutoka mlangoni, nasikia sauti yake akibishana na mteja juu ya nyanya. Nikibandua, hairudi. Baba atakuja na kukuta heshima yake imebanduliwa na mtoto. Hiyo ilikuwa hofu moja. Nyingine ni kwamba nailoni ilikuwa sababu ya mwisho iliyobaki. Kaka akikaa mbele ya kioo kisafi na asisome, hatakuwa na cha kulaumu, na mimi pia.

Maji yakanyamaza bafuni. Nikashika kikaratasi, nikavuta.

Ililia kama kuchana kanga mpya. Nilikuwa na uhakika Geita nzima imesikia.

Kaka akaingia na taulo shingoni, akaketi. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba niliona mshono kwenye mpira. Nikampa kishikio cha kuchezea gemu.

"Sasa je?" nikamuuliza.

Akageuza kichwa upande. Akasogea. Akarudi nyuma.

"Imekuwa nzuri," akasema. "Sasa hii ni TV."

"Ni dakika ya ngapi?"

"Eh?"

"Mchezo. Umesimama dakika ya ngapi?" Sauti ilikuwa yangu lakini sikuijua.

"Umekuwa mwalimu?" Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Akainama mbele mpaka viwiko vikafika magotini. "Thelathini... thelathini na tatu."

Mlangoni Mama alikuwa amesimama, ameshika bakuli la nyanya. Sijui aliingia lini. Macho yake yalikuwa chini, kwenye nailoni iliyojikunja sakafuni kama ngozi ya nyoka. Mdomo ukafunguka, nikajua kinachokuja. Mama huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu nina jina la mama yake. Akikasirika ananiita jina langu lote, na nilikuwa nalisubiri.

Halikuja. Aliinua macho kwenye TV.

"Thelathini na nane," Mama akasema, kutoka mlangoni. "Si ni thelathini na nane ile?"

Macho yake mwenyewe yamechoka. Mama hasomi bila kusogeza gazeti mbali. Akatutazama, mimi, halafu kaka, halafu TV tena. Akaweka bakuli sakafuni taratibu sana, akaenda kupiga magoti mbele ya kaka na kumshika kidevu, kama anavyomshika mtoto anapotaka kumfuta makamasi.

"Niangalie. Mimi unanionaje?"

"Mama, nakuona."

"Nimekuuliza unanionaje."

Kaka akainamisha macho. Kishikio kilikuwa bado mikononi mwake, na kidole kinakigongagonga bila kubonyeza kitu.

"Kama uko nyuma ya maji," akasema.

Jumatatu hakwenda Masumbwe. Alikwenda Mwanza hospitalini, yeye na Mama, basi la alfajiri. Mimi nimebaki kulinda genge na nyumba. Jana Mama alipiga simu: daktari amesema kuna makovu kwenye macho yote mawili, la kulia kuna matumaini, la kushoto wanaangalia bado, na yale matone ya kambini yalikuwa yanaongeza ubaya. Nikauliza atapona? Mama akasema, "Wameniambia tusubiri," na nikasikia mtu anaitwa kwa namba nyuma yake.

Kisha, kabla salio halijaisha, akasema: "Mayu, Baba yako anakuja Alhamisi. Akiuliza nailoni, mwambie nimeitoa mimi."

Nimeikunja, iko chini ya kitanda pamoja na mashine. Sijui kama nitaweza kumdanganya Baba. TV sijaiwasha tangu waondoke. Mchezo niliuhifadhi kwenye memori kadi ya kaka, dakika ya thelathini na nane, mimi naongoza.