Maharage Mazuri ya Mama Mkwe

Jamani, hili huwa silisimulii mbele ya mume wangu, maana akianza kucheka hanyamazi, lakini ninyi ni watu wangu na aibu yenyewe imeshazoea kukaa na mimi.

Nilikuwa bibi harusi mpya, mtu wa Tanga mjini, mwalimu wa Kiswahili, nimeletwa Mlola kwa wakwe, na kesho yake shangazi yangu anakuja kuona nilikoolewa. Jioni mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, loweka maharage ya wageni, yako jikoni," akaenda zake kwaya. Nikakuta ndoo mbili: moja ina maharage yaliyosinyaa, mengine nusu nusu, nyingine ina maharage manene, ya ukubwa mmoja, yamechanganywa na majivu. Shangazi yangu ale makapi? Nikachukua yale mazuri, yote, nikayaosha majivu mpaka yakatakata, nikayaloweka kwenye sufuria kubwa (huku najisifu kwamba ukoo huu umepata mke msafi).

Baba mkwe akaja kujimiminia chai, nami, kwa vile kunyamaza kunanishinda, nikampa somo. "Baba, neno loweka limetokana na lowa. Nguo ikinyeshewa imelowa, ila ukikiacha kitu majini makusudi kilainike, hapo umekiloweka."

"Ahaa, mwalimu," akasema, akaondoka na kikombe chake bila kutazama sufuria.

Asubuhi shangazi kafika na viatu vya visigino, mchungaji kaja kuombea chakula, tuko sebuleni shikamoo zinapishana, mara mama mkwe akaingia ameikumbatia sufuria. "Haya umeyatoa wapi?" Nikamwambia, kwenye ndoo ya majivu. Akakaa chini. Kumbe ndiyo mbegu ya msimu mzima, ameichagua punje kwa punje, na majivu ni ya kuzuia wadudu. Ya kula ni yale makapi. Masikio yaliniwaka kwa aibu, nikaogopa kweli, maana nyumba ile mwaka mzima inategemea shamba lile.

"Haya hayarudi kwenye ndoo," akasema mama mkwe. "Yakilala tena yataoza. Ardhi ina unyevu, twendeni tukapande."

Nikadhani anawaambia watu wa nyumbani. Alikuwa anatuambia wote. Shangazi akavua viatu akashika jembe, mchungaji akapanda na kola yake shingoni, dereva wa shangazi (aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini) akabebeshwa ungo wa mbegu, na baba mkwe akawa anapita nyuma ya wageni kule mteremkoni akiwaeleza, "Haya hayakulowa kwa mvua, yamelowekwa. Mwalimu ndiye anayejua zaidi."

Tulikula makapi jioni, magumu vilevile, na shangazi akaomba aongezewe.

Yaliota, namshukuru Mungu, ila kwa mistari iliyopinda, na mstari wa shangazi uliingia hadi kwa jirani, akauvuna jirani. Mpaka leo shamba lile linaitwa Kwa Mwalimu. Nami siku hizi nikiingia jikoni kwa mtu nikakuta maharage mazuri kuliko mengine, naweka mikono nyuma na kumwita mwenyewe.