Bipu Mbili za Yuliana

Mimi na kalamu hatupatani, mnajua, na bado mnanisumbua niandike habari za Yuliana. Haya, shikeni.

Yuliana alitandika vitanda hotelini Al Rigga, huko ughaibuni kwa Waarabu, mpaka kiuno kikamgomea. Hata kuvaa viatu ikawa kazi. Roselyne, nesi Mkenya wa chumba cha jirani, alimwonyesha mazoezi, kisha kila asubuhi akamtumia ujumbe: "Lala chali, vuta goti kifuani. Ukitandika, piga magoti, usiiname." Jibu lilikuwa la kubipu, maana bipu hailipiwi. Moja: nimefanya, naendelea vizuri. Mbili: maumivu yamezidi, njoo.

Yuliana alibipu moja siku zote. Mazoezi hakufanya, alirudi hoi, akalala na sare yake. Kubipu mbili aliona ni kujitangaza mgonjwa, na mgonjwa hurudishwa kwao.

Asubuhi moja akashindwa kuinuka. Ujumbe ukaingia: "Umeamkaje, dada?" Akaitazama simu mpaka taa ikazima. Akabipu. Kisha akabipu tena.

Roselyne akaja mbio, kanga imefungwa upande.

"Mwongo wewe! Kumbe hizo bipu zote ulikuwa unanicheza?"

"Nilichoka, dada. Hata kusema naumwa nilichoka."

"Yalla, haya, lete hilo goti. Polepole."

Akalivuta, Yuliana akilia kwa sauti bila kumficha mtu.

Nami nimechoka. Wewe uliyesoma, yule anayekujibu "sijambo" kila siku, mpigie sasa hivi, umwulize mara ya pili.