Alinitazama Kinywani

Shefu wetu alirudi safarini na picha kwenye simu: biro ya kazi isiyo na kuta, meza moja ndefu, watu wamekaa pande mbili kama kwenye karamu ya ndoa. Juma lililofuata mafundi walivunja vyumba vyetu vidogo. Seremala mmoja wa mtaa wa Mususa akaleta meza ya mbao ya libuyu, mita sita, yenye tundu katikati la kupitisha nyaya. Tulikuwa watu wanane. Mimi nilipoteza mlango niliokuwa nao miaka tisa.

Kazi yangu ilihitaji mlango. Ni mimi niliyepanga safari za malori kati ya Butembo na Beni: yaende na sabuni na mabati, yarudi na kakao. Saa ya gari kutoka haisemwi ovyo kwenye barabara ile yenye waviziaji. Nilizoea kufunga mlango, kumpigia dereva, kusema maneno matatu, basi.

Siku shefu alipouliza nani anaikubali meza, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa yaya mmoja aliyetengeneza karatasi za mizigo. Namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa ananizidi miaka kumi.

"Mi naipenda," alisema. "Na nataka kukaa pa katikati, mbele ya huyu." Akaninyooshea kidole.

Tangu lini mtu anaomba kukaa mbele yangu? Hatukuwa marafiki. Kule parokiani aliacha kuimba kwaya bila kuaga mtu, na akina mama walianza kusema ana mambo yake. Nilikaa, naye akakaa, na kuanzia asubuhi ile kila nilipoinua simu aliacha kazi yake akanitazama. Hakunitazama machoni. Alinitazama kinywani.

Nilipunguza sauti, akainamisha shingo mbele. Nilihamia lugha ya Kinande, akaendelea kutazama. Mwishowe nilipanga mafarde, majalada ya karatasi, katikati yetu, moja juu ya lingine, mpaka nikaona nywele zake tu. Siku hizo akaanza kukosea. Aliambiwa kakao, akaandika kahawa. Shefu alimgombeza mbele ya wote, na mimi nyuma ya ukuta wangu nikajiambia: mwenye akili mahali pengine hukosea hivyo.

Kisha gari letu moja likasimamishwa na watu wenye silaha kabla ya kufika Beni. Mabati yote yalichukuliwa. Dereva alipigwa, akarudi kwa miguu mpaka kwenye kituo cha askari, shati limechanika mgongoni. Nilipoisikia sauti yake kwenye simu nilikumbuka. Saa ya gari lile niliisema mimi, mezani pale, nikiwa nimesimama, kichwa juu ya mafarde.

Nikaenda kwa shefu. Nilimwambia kila kitu: mkono uliowahi kuinuka, kiti alichochagua, macho.

Alituita wote wawili kwenye depo ya mizigo, mahali pekee palipobaki na mlango. Akaanza kumuuliza yaya huku kichwa kimeinama kwenye karatasi. Yaya akanigeukia.

"Anasema nini?"

"Usinichezee!" shefu akafoka.

"Hapana kucheza, shefu. Mi sisikiake. Ni mwaka wa pili sasa. Sikio moja ilikufa, ingine inakufa polepole. Ninasomaka kinywa ya batu." Akanionyesha tena kwa kidole kilekile. "Huyu njo anafunguaka kinywa muzuri. Weye uko na ndevu. Bale bengine banamung'unyaka. Kama niko mbele yake, ninajua banasema nini mu biro. Kisha akaweka mafarde."

Shefu akasimama, akamzunguka, akasema nyuma ya mgongo wake kwa sauti ya kawaida: "Nyumba inaungua."

Mimi niligeuka kutazama mlango. Yeye hakugeuka. Alibaki akinitazama mimi, akingoja nimwambie kilichosemwa.

Ningependa kuandika kwamba nilimwamini pale pale. Lakini tulipotoka shefu alininong'oneza: "Donc, kumbe anasikia na macho. Basi saa ya gari aliiona." Neno hilo likaniingia. Kiziwi anayesoma vinywa! Nilitoa mafarde kwa aibu, lakini simu nikawa naenda kupigia uani karibu na choo, mkono umefunika mdomo, na yeye aliniona nikitoka na kurudi.

Dereva alipopona alikuja biro kusalimia, mkono bado kwenye bandeji. Nilimvuta pembeni nikamuuliza nani mwingine aliijua saa ile.

"Nani mwingine?" Alishangaa. "Parkingi yote, mama. Niliaga batu. Nilibeba na bibi moja wa mboga, yeye pia aliaga ba kwabo."

Nilirudi mezani. Yaya alikuwa anaandika. Nilingoja ainue macho, kisha, kwa kuwa wengine sita walikuwa wamekaa pale, nikasema bila sauti, kwa midomo tu: Yaya, unisamehe. Nilikusingizia.

Alielewa. Niliona ameelewa. Akaweka kalamu chini.

"Nimeona," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake. "Lakini shefu alinigombeza mbele ya bote. Sema na sauti, na hawa basikie."

Vidole vya wenzetu vilisimama kwenye mashine. Nikasimama, nimeshika ukingo wa meza, nikasema tena yote kwa sauti: nilichokiwaza, nilichokipeleka kwa shefu, na alichoniambia dereva. Shefu alikuwa amesimama kwenye mlango wa depo.

Yaya alinitazama kinywani mpaka neno la mwisho. "Aya," akasema. Akachukua karatasi ya mzigo wa siku ile, akaigeuza upande wangu, akauliza, macho yake kinywani mwangu, kama pale ni magunia au maboksi.