Kitufe cha Hifadhi kilikuwa nje ya skrini, mdogo wangu akabaki majini

Wakuu, habari za huko. Haya sikuhadithiwa, niliyameza mwenyewe pamoja na maji ya chumvi. Atakayesema ni chai, apite kushoto.

Mimi Mmalagasi wa Mahajanga, shule niliishia la tano. Kiswahili ni cha bibi, kikanolewa Mombasa nilikopiga kazi.

Tulikuwa tunavuka kutoka bandari ya Ankify kwenda kisiwa cha Nosy Be, mimi na mdogo wangu Saidi. Zamani karani wa boti pale bandarini, Abudu, aliandika abiria kwenye daftari. Mwenye boti, Bi Rolande, akataka usasa. Akamwita "mtaalamu" Fidy wa Amborovy, kule kwetu Mahajanga, amtengenezee programu.

Programu yenyewe kadirisha kamoja. Sehemu ya jina, halafu vitufe vitatu, kimoja chini ya kingine: Mpya, Funga, Hifadhi.

Bwana mkubwa Fidy kavipanga kwa vipimo vya skrini yake kubwa, chini ya kiyoyozi. Ankify hakukanyaga. Skrini ya Abudu ilikuwa kama kisahani cha kikombe. Hifadhi ikaangukia nje, haionekani kabisa!

Abudu naye hakuuliza. Anaandika jina, anabonyeza Mpya, anaandika lingine. Kila jina linafuta la kabla yake.

Siku hiyo abiria tulikuwa watatu. Wa mwisho kuandikwa, Mama Zaina. Jina lake tu likabaki kwenye dirisha.

Wimbi likatupindua. Abudu kaenda kula, Rolande akasoma skrini, akawaambia waokoaji: nahodha na mwanamke mmoja.

Wakamkuta nahodha amezirai, na Mama Zaina anapiga kelele, "Wako wawili wengine!"

"Mama, umekunywa maji mengi. Kompyuta inasema mmoja."

Wakageuza. Mkondo ulishatusukuma mbali, lakini niliwaona wakigeuza. Saidi pia aliwaona.

Abudu alipomaliza wali wake akasema tulikuwa watatu, ndipo walipoambiwa warudi. Walinikuta mimi, nimeng'ang'ania dumu tupu. Saidi hayupo.

Nilimfuata Fidy hadi Amborovy. Akafungua laptop: "Zoky, mbona kwangu kinaonekana?" Zoky ni kaka kwa Kimalagasi. Adabu anayo, akili sasa!

Rolande kanijibu bahari ni ya Mungu. Sawa, mama. Na vitufe ni vya nani?

Nyie mnaopanga vitufe, nendeni mkakae kwenye kiti cha karani, mbele ya skrini yake mbovu. Kama nimekosea nisahihisheni hapa, matusi pia napokea.

Jina la Saidi liliandikwa vizuri, herufi zote. Nilisimama pale nikalisoma kwenye skrini, kabla Abudu hajabonyeza Mpya.