Nilivyoshona Vifuniko vya Breki za Wabeba Mapanki

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi wala spana. Fundi Mkuu, mzee Mashimba, alichukua panki moja la sangara, akalining'iniza juu ya gurudumu la nyuma la baiskeli iliyokuwa kwenye stendi, akaniambia nikae nitazame. Hapo ni karakana ya ushirika pale Mkuyuni, miaka ya tisini inaanza. Nilikuwa na darasa la nne, na mikono iliyozoea kushona magunia ya pamba.

Panki, kwa ninyi ambao hamkuyaona yakibebwa, ni kichwa, mifupa na mkia wa sangara, vinavyobaki baada ya viwanda kutoa minofu na kuisafirisha ng'ambo. Sisi tuliachiwa hicho, tukakikaanga, tukakila, tukashiba. Wanaume wenye baiskeli waliyafunga mapanki kwenye matenga juu ya keria wakayapeleka Kisesa, Misungwi na vijiji vya ndani zaidi.

Nilitazama. Yalidondoka maji kwanza, kisha mafuta. Yaliangukia kwenye ringi, ringi ikageuka, ikayafikisha kwenye raba za breki, vile vipande viwili vinavyoibana ringi mtu anapovuta breki.

"Umeona nini, binti?"

"Mafuta yameingia kwenye breki."

"Sasa mtu ana tenga limejaa nyuma, mbele yake mteremko, na breki imepakwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Atasimama wapi?"

"Kwenye jiwe," nikasema.

Akacheka mpaka akatoa kofia. "Basi utafaa. Wenzako wote waliniambia atasimama akifika."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulichukua tyubu kuukuu ya lori, tukaisugua kwa majivu, maana mafuta ya sangara hayaogopi maji, yanaogopa majivu. Tukaikata mfuko wa ukubwa wa kiganja, wa kuvalishwa juu ya raba za breki. Tulishona kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni wa kutengenezea nyavu, ambao hauozi. Mbele ya mfuko tuliacha kipande chembamba kinachogusa ringi, tukakiita ulimi. Kazi ya ulimi ni kulamba mafuta kabla hayajafika kwenye raba. Na chini ya mfuko tuliacha wazi, upana wa kidole kimoja. Huo ndio mdomo. Kilichoponyoka ulimi kikaingia ndani, kilitokea mdomoni, kikaenda zake barabarani.

Kwa kila aina mpya ya kifuniko kulikuwa na sheria moja, na Fundi Mkuu hakuipindisha hata kwa mpwa wake: aliyeshona ndiye anayepanda. Unafunga tenga la mapanki nyuma, unapanda kilima cha kwanza, unashuka nacho mwenyewe. "Sitaki mteja awe wa kwanza kujua," alisema. Mara ya kwanza niliposhuka salama, wabeba mapanki waliokuwa wamekaa mbele ya karakana walinipigia makofi. Mmoja wao, Masalu, mtu mrefu mwenye maneno, akasema, "Sasa huyu ndiye mke. Anashika breki, atashindwa kushika mume?"

"Mume hana ulimi wa kukatwa na mkasi," nikamjibu. Tangu siku hiyo hakununua kifuniko kwa mtu mwingine.

Baadaye nilipelekwa tawi la Kisesa. Nilishona peke yangu kwa misimu miwili kibarazani kwa muuza chumvi, nikajifunza tope la mbugani, lile jeusi linaloganda kama saruji. Kwa tope unarefusha ulimi. Fundi Mkuu alikuwa akija na baiskeli kunikagua, anageuza kifuniko, anaingiza kidole chake mdomoni, anaguna. Mguno wake ndio uliokuwa cheti changu, sina kingine.

Niliporudi Mkuyuni nikakuta ushirika umekufa na karakana imeuzwa. Mnunuzi alikuwa Meneja Lugata, ambaye zamani alikuwa mtunza stoo wetu. Namtaja jina, maana watu wanaposimulia habari yangu wanasema "yule meneja", kana kwamba hakuwa na jina. Soko lilikuwa limefunguliwa, vitu vya nje vimejaa madukani, vinang'aa ndani ya nailoni. Lugata akataka na vifuniko vyetu ving'ae.

"Huu mdomo uzibeni," alisema. "Kitu kilichoachwa wazi chini kinaonekana hakijamalizika. Na tope linaingia."

"Meneja, mafuta yatatokea wapi?"

"Vikiwekwa vizuri hayataingia. Wewe Kabula, hii ni biashara huria. Mteja ananunua kwa macho."

Nikamgeukia Fundi Mkuu. Nilijua anajua. Alikuwa ameinama anakaza spoku ambayo haikuwa imelegea. Akasema bila kuinua uso, "Shona tu, mama. Tutaona."

Nikashona. Hilo nalo liandikwe. Niliogopa kufukuzwa, nikaziba midomo kwa mkono wangu mwenyewe, mishono mizuri, ya kupendeza. Lugata hakungoja majaribio. Akavipanga vyote dukani, vinang'aa, na kesho yake ilikuwa siku ya wabeba mapanki kwenda Misungwi. Wangevinunua asubuhi.

Kwa hiyo alasiri ile nilifunga tenga, nikapanda baiskeli. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya Masalu na wenzake.

Kupanda kilima kulikwenda vizuri. Mwanzo wa mteremko nikavuta breki, ikashika, nikaona labda Meneja ana akili kuliko sisi. Nilipofika katikati nikavuta tena, nikahisi mkono unakwenda wenyewe, laini, kama nimeshika sabuni. Breki ya mbele peke yake haiwezi mzigo wa nyuma. Chini, kandokando ya barabara, wanawake walikuwa wamepanga nyanya zao. Nikaipeleka baiskeli kwenye mtaro wa mawe.

Masalu alinifikia wa kwanza. Goti langu lilikuwa limegeukia upande lisikopaswa kugeukia.

"Usiniinue," nikamwambia. "Pasua kifuniko kwanza."

"Dada, unavuja damu."

"Pasua, nakuambia."

Akatoa kisu cha kukatia kamba, akapasua mshono wa chini. Mafuta yakamwagika mkononi mwake, mazito, meupe kama uji. Alikaa akiyatazama. Wakati huo Lugata alikuwa ameshafika, anahema.

"Mwanamke na mzigo ule," alisema, mbele ya wauza nyanya wote. "Alishuka kwa kasi mno."

Masalu alimpangusia yale mafuta kifuani, kwenye shati lake jeupe, taratibu, kama mtu anayefuta mikono baada ya kula. Kisha akaondoka na kisu chake kuelekea dukani. Niliambiwa baadaye kwamba wabeba mapanki waliingia wote, wakakata midomo ya vifuniko vyote vilivyokuwa rafuni, na hakuna aliyethubutu kuwazuia. Asubuhi walikwenda Misungwi wakarudi wote.

Hospitali nilikaa mpaka mvua zikaisha. Fundi Mkuu alikuwa akija na maziwa mgando kwenye kibuyu. Siku moja akasema, "Ningesema mimi, angenifukuza."

"Na mimi je, mzee?"

Alininywesha maziwa kama mtoto.

Nilirudi kazini na fimbo. Tuliondoka kwa Lugata tukafungua kibanda chetu Misungwi, mimi na mzee, tukashona vyenye midomo mpaka pikipiki zilipokuja na baiskeli zikabaki za kwenda kisimani. Mzee alifia pale. Mazishini niliombwa niseme neno, nikamsifu kwa haki, na lile la spoku sikulisema. Leo nimelisema, na ninyi vijana mnaofundishwa kazi mlisikie: fundi mzuri kuliko wote niliowahi kumjua alinyamaza siku moja, na goti langu halikunjiki.

Nimeacha kazi sasa. Macho hayaoni tundu la sindano. Lugata yupo, ni mzee wa kanisa, tunakutana Jumapili, namwamkia shikamoo kama nilivyofundishwa, naye huitikia kisha ananiuliza goti linaendeleaje, kana kwamba nilizaliwa nalo hivyo. Masalu huniambia nimsamehe, umri umekwenda. Mzee Mashimba nilimsamehe palepale hospitali, kabla kibuyu hakijaisha. Huyu mwingine bado. Msamaha wake nimeuweka tayari, lakini hajawahi kuja kuuchukua, na mimi kwa mguu huu siwezi kumpelekea.